Mtoto Naye Aseme

Liko neno moja ambalo kwa miaka mingi sasa limekuwa likirudiwa katika semina za walimu, katika miongozo ya kufundishia, na katika hotuba za wakubwa wa elimu nchini. Neno hilo ni "mbinu shirikishi". Maana yake ni kwamba mwanafunzi asikae kama mtungi uliowekwa chini ya mfereji ukingoja kujazwa, bali ashike kazi mwenyewe, aulize, ajaribu, akosee, ajirudi, hata jambo afundishwalo liwe mali yake. Sisi hatuna ugomvi na neno hilo. Ugomvi wetu ni na wale walitamkao wakiwa ofisini, kisha wakampelekea mwalimu wa Mbagala watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, na mwisho wa muhula wakamwuliza kwa nini hakulitimiza.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, maana wazazi wengi hulisikia likipita tu. Wataalamu wa elimu wanasema kwamba maarifa hayahamishwi kutoka kichwa hata kichwa kama unga unavyomiminwa kutoka guniani kwenda katika debe. Kila mtu huyajenga mwenyewe, kwa kuunganisha lile jipya na lile alijualo tayari. Jean Piaget wa Uswisi alichungua fikira za watoto tangu miaka ya 1920 mpaka alipofariki mwaka 1980, akaona kwamba mtoto akosapo jibu mara nyingi hakosi ovyo. Ana mantiki yake ambayo mwalimu yampasa aijue kabla ya kuisahihisha. Lev Vygotsky wa Urusi, aliyekufa angali kijana mwaka 1934, akaongeza kwamba mtoto hufika mbali zaidi ashikwapo mkono na aliyemzidi ujuzi kidogo, awe mwalimu au mwenziwe, kuliko aachwapo peke yake.

Asije msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Na aende Keko asubuhi moja, awatazame mafundi wa samani. Fundi hamkalishi kijana miezi sita akimsomea habari za mbao. Siku ya kwanza humtia msasa mkononi. Baadaye humpa randa, kijana akaurarua ubao, fundi akamwonyesha jinsi nyuzi za mti zinavyokwenda, akamwachia ajaribu tena kwenye kipande kingine kisicho na thamani. Siku kijana atakapounganisha mguu wa kiti na ukakaza bila msumari, hapana haja ya mtihani wa kuchagua herufi. Kiti chenyewe ni cheti. Mafundi hao hawakusoma Piaget. Wanafanya yale yaliyofanywa na waashi, washona majahazi na wahunzi wa pwani hii kabla shule haijajengwa.

Na aende pia soko la Tandika. Atamkuta mtoto wa darasa la nne, mama yake muuza nyanya, akitoa chenji ya noti ya shilingi 10,000 kwa mafungu matatu na kilo moja na nusu ya vitunguu, bila kalamu wala karatasi, tena haraka kuliko mnunuzi. Mtoto huyo huyo kesho yake hupewa hesabu ya kutoa iliyopangwa wima ubaoni, akaleta jibu ambalo sokoni lingemfilisi mama yake. Je, mtoto huyu hajui hesabu? Mwaka 1985 wataalamu watatu wa mji wa Recife nchini Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi juu ya watoto watano waliokuwa wakichuuza nazi na matunda. Walipohesabu mbele ya mali yao, watoto wale walipata hesabu 98 katika kila 100. Walipoandikiwa hesabu zile zile kwa tarakimu tupu, walipata 37. Akili haikuwa imebadilika; kilichokatika ni daraja kati ya sokoni na darasani. Kulijenga daraja hilo ndiyo kazi ya mbinu shirikishi, wala si kuimba nyimbo na kupiga makofi kama wengine wanavyodhani.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii. Mwezi Machi 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Lakini akisomaye kwa makini ataona kwamba jembe lilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilihusu kichwa: shule imjenge mtoto awe na akili ya kuuliza, awe na uwezo wa kujifunza kutokana na yale wayafanyayo wengine na kuyapima kabla ya kuyakubali au kuyakataa, tena awe na moyo wa kujiamini. Alijua alisemalo, maana mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ili aongoze TANU alikuwa akifundisha Pugu, si mbali na hapa. Ajabu ni kwamba majembe yalipokelewa na maswali yakasahauliwa. Mtoto alilima asubuhi, akarudi darasani kunakili ubao kama alivyonakili mtoto wa wakati wa mkoloni.

Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 lilileta mambo mawili: watoto wote wapate elimu ya msingi upesi, na mtihani wa mwisho usiwe peke yake hakimu wa mtoto. Tathmini ya maendeleo ya kila siku ikaanza mwaka 1976, na mwaka 1977 milango ya shule za msingi ikafunguliwa kwa wote. Ilikuwa kazi kubwa ambayo mataifa mengi tajiri kuliko sisi hayakuithubutu. Lakini wingi ulitangulia na ubora ukaachwa nyuma, na tangu hapo nchi yetu haijapata kuyafikisha mambo hayo mawili mahali pamoja. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yalifurika. Elimu bila malipo ilipopelekwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, yalifurika tena. Na kila mara furiko lilipokuja, lilikuja pamoja na maagizo mapya ya kumsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja! Mtaala wa mwaka 2005 uliacha kuhesabu mada ukadai umahiri. Walimu wengi wakatakiwa kuufundisha kabla hawajafunzwa. Mwezi Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, nasi hatutaki kuzibebesha zote mtaala; ila aibu ile haikuwa ya watoto.

Sasa tuje Temeke na Kinondoni. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji wa Dar es Salaam watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Watu hao hawakuhamia Oysterbay. Wamekwenda Mbagala, Chamazi, Buza, Yombo, Toangoma. Wamekwenda Tandale, Mwananyamala, Tegeta na Bunju. Wengi wamejenga kwanza na kungoja barabara, maji na shule zije baadaye. Kipimo cha Serikali ni watoto 45 kwa darasa la shule ya msingi. Katika vitongoji hivyo yapo madarasa yaliyopita mia, na shule zinazosomesha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana, na mtoto wa zamu ya mchana hufika akiwa amekwisha kuchota maji, kulea mdogo wake na kutembea juani.

Na tupige hesabu ndogo. Kipindi kina dakika 40, yaani sekunde 2,400. Darasa likiwa na watoto 120, kila mtoto anayo haki ya sekunde 20 za mwalimu wake, na hapo mwalimu hajaita majina, hajafuta ubao, hajamnyamazisha mtu wala hajapumua. Akiwagawa katika vikundi vya watoto sita sita, atapata vikundi 20, na kila kikundi atakiona kwa dakika mbili. Viweke wapi vikundi hivyo? Madawati yamebanana, watoto wanne au watano katika dawati la watatu, wengine sakafuni. Kumgeuza mtoto amtazame mwenzake wa nyuma ni kazi inayotaka mkutano.

Basi hutokea jambo ambalo kila mwalimu analijua na hakuna alisemaye hadharani. Mdhibiti ubora wa shule akitarajiwa, andalio la somo huandikwa vizuri, "wanafunzi wajadili katika vikundi", karatasi za manila hubandikwa ukutani, vizibo vya soda hutolewa kabatini. Watoto watano hodari hukalishwa mbele na kujibu kwa niaba ya mia. Mdhibiti huandika kwamba mbinu shirikishi zimetumika. Akiondoka, ubao hujazwa nukuu na watoto hunakili. Hatumlaumu mwalimu huyo. Amepewa kazi isiyofanyika, naye amejibu kama mfanyakazi yeyote ajibuvyo akidaiwa kazi isiyofanyika: amefanya ionekane imefanyika. Wafanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Nyerere na wa bandarini wanaelewa tunachosema.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mpaka siku yatakapopatikana madarasa ya watoto 45 tukae tukiwatazama. Wapo walimu, hata katika shule hizo zilizofurika, ambao wameipata njia. Mwalimu mmoja huuliza swali moja zuri, halafu hanyanyui mkono kumwita mtoto hodari. Huwaambia wote, kila mtu amweleze aliye kando yake kwa muda wa dakika moja. Kelele huzuka, ni kweli, na mwalimu mkuu mkali atachungulia dirishani. Lakini katika dakika ile watoto 60 wamesema, na 60 wamesikiliza, kisha wakabadilishana. Gharama yake ni sufuri. Mwingine huchukua jibu lisilo sahihi la mtoto mmoja, bila kumtaja jina, akaliandika ubaoni na kuuliza: aliyefikia hapa alifikiri nini? Hiyo ndiyo mantiki ya Piaget katika chumba cha Chamazi chenye bati lililochomwa na jua. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, umeweka nafasi ya walimu wa shule moja kukaa pamoja na kupeana mbinu za namna hii. Twaupenda kuliko semina za hotelini, mradi ratiba iupe muda wa kweli na usigeuzwe kuwa karatasi nyingine ya kujazwa.

Pia asije mtu akatusingizia kwamba twataka mwalimu anyamaze na mtoto ajifundishe. Jedwali la kuzidisha halivumbuliwi upya na kila kizazi, hukaririwa. Herufi hufundishwa kwa mpango, sauti kwa sauti, na ndiyo maana mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa mwaka 2015 uliwaondolea watoto wa darasa la kwanza na la pili rundo la masomo. Fundi wa Keko naye husema "tazama hapa" kabla ya kusema "jaribu". Mwalimu aliyeacha kueleza na kuwatupia watoto maswali yasiyo na msingi hajawa shirikishi. Amekuwa mvivu, tena mvivu mwenye cheti cha semina.

Wako wasemao: "Sisi tulifundishwa kwa ubao na fimbo, na tazama tulipofika." Twawajibu kwa heshima. Anenaye hivyo ni yule aliyefika. Darasani alikuwa na wenziwe arobaini, na wengi wao hawamo katika ofisi hiyo kueleza walichojifunza siku walipouliza swali wakapigwa kofi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, na achapaye awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena kwa kosa zito. Kusema kwamba saba mara nane ni hamsini na nne si kosa zito. Mtoto achapwaye kwa jibu baya hujifunza jambo moja kwa hakika, nalo ni kunyamaza. Huwezi asubuhi kumpiga mtoto kwa kukosa na mchana ukamsihi athubutu.

Kizuizi kingine ni mtihani. Mwalimu hufundisha kile kipimwacho, na kumtaka afanye vinginevyo ni kumtaka awe mtakatifu. Shule hupimwa kwa ufaulu, mwalimu mkuu huitwa kujieleza kwa ufaulu, na mzazi hukimbilia tuisheni kwa ajili ya ufaulu. Mwaka 2012 majibu ya mtihani wa darasa la saba yalipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ikawa ya kuchagua herufi, mtoto akaweza kufaulu kwa bahati ya kalamu yake. Baadaye maswali machache ya kuandika yalirudishwa, nasi tulifurahi. Lakini ikiwa Baraza la Mitihani halitauliza "eleza jinsi ulivyopata", hapana mwalimu atakayetumia kipindi kizima kufundisha jinsi ya kupata.

Na liko la lugha, ambalo wengi hulizunguka. Mtoto wa Tandale husoma miaka yake yote ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hukuta Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa akibishana na mwalimu juu ya kwa nini nazi huelea sasa hukaa kimya, si kwa kukosa fikira bali kwa kukosa maneno. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari na zaidi, pendekezo halikutekelezwa. Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango. Toleo lake la mwaka 2023 likabakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Wazazi wengi hupenda iwe hivyo, kwa kuwa waona Kiingereza ndiyo ngazi ya kazi, na hofu yao twaielewa. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa. Lakini mtu hawezi kutaka darasa la majadiliano huku akiwanyang'anya wajadilianao lugha waijuayo. Achague moja.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali kwa sekondari, umerudia ahadi ya umahiri kwa sauti kubwa zaidi. Mambo mazuri yamo ndani yake. Ila mwanafunzi wa amali asiye na karakana atafundishwa useremala kwa nukuu za ubaoni, na kijana wa Keko ambaye hakumaliza shule atamcheka.

Kwamba Serikali inaweza, hapana shaka. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, iliamua kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 yakiwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na yakasimama kwa miezi michache tu, mpaka mafundi walikosekana na saruji ikapanda bei. Uamuzi wa namna ile wauhitaji Temeke kwa shule za msingi. Ardhi ni haba, kweli, maana viwanja viliuzwa kabla shule haijafikiriwa. Basi shule zipande ghorofa kama ambavyo zimeanza kupanda jijini. Na walimu wafuate madarasa, kwa sababu chumba kipya kisicho na mwalimu ni ghala.

Nao wazazi, ambao wengi wao ndio wasomaji wetu, wana sehemu yao. Kamati ya shule si ya kuchangisha fedha za mlinzi peke yake. Mzazi ana haki ya kuingia darasani na kuhesabu vichwa. Arudipo jioni kutoka kazini, badala ya kukagua tu kama daftari limejazwa alama za vema, amwulize mtoto: leo uliuliza nini? Juma la kwanza mtoto atashangaa. Na mwalimu aliyeruhusu kelele za maneno darasani asisemwe vibaya mtaani kwamba hawezi kutuliza watoto.

Liko jambo moja la haraka. Kwa mpango wa sera mpya, elimu ya msingi yawa ya miaka sita, na walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya wamepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Maana yake ni kwamba vizazi viwili vya watoto vitabisha hodi kidato cha kwanza siku moja, Januari 2028. Katika wilaya ambayo kizazi kimoja hakitoshi vyumbani, twataka kila tawi na kila kamati ya shule kuanzia Mbagala mpaka Bunju iulize katika mkutano wa kata, na majibu yaandikwe katika muhtasari: vyumba vingapi, madawati mangapi, walimu wangapi, na tarehe gani.